Maneno Sita Niliyomfundisha Gafa

Msije mkamwaga maji ya moto juu ya barafu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu la kwanza katika kazi, na kwa sababu nikianza na makubwa nitasahau madogo, na kazi ya kutunza kiwanja cha mpira yote ni mambo madogo.

Nyinyi wajukuu zangu, na watoto wa jirani mnaojaa sebuleni kwangu hapa Hayes, London, kila Jumamosi kutazama mpira, mnaniuliza kwa Kiingereza chenu, "Babu, ulikuwa ukifanya nini kwenye ile klabu?" Nami nawajibu, "Nikikata majani," nanyi mnacheka. Si uongo. Nimekata majani miaka kumi na miwili. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba kule Wete, na haya ninayoandika nayatoa katika madaftari yangu, ambayo nusu yake hata mimi mwenyewe siyasomi vizuri. Pale nisipokuwa na hakika nitawaambia.

Basi hilo la maji ya moto. Ilikuwa Januari. Hapana, daftari linasema Februari, tufuate daftari. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, nimetoka kuosha sinia za chakula cha abiria kule uwanja wa ndege wa Heathrow. Nafika asubuhi, mlangoni mwa goli pameganda, peupe, pagumu kama saruji. Mechi saa tisa mchana. Nikawaza: kitu kikiwa baridi, kipashe moto. Nikachemsha maji kwenye birika kubwa la chai la klabu, nikabeba ndoo tisa. Weupe ukaondoka wote. Nikafurahi, nikaenda zangu kuchora mistari ya chokaa upande wa pili.

Niliporudi, pale golini pamekuwa kioo. Wallahi ningeweza kunyolea ndevu.

Hapo ndipo alipotokea kocha wetu. Wachezaji walimwita Gafa, ndivyo Waingereza wanavyomwita kocha wao mkubwa, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Jina lake ni Wilfred. Mzee wa miaka sabini na kitu, koti refu la kijivu, fimbo mkononi. Akaweka mguu mmoja juu ya kile kioo, akateleza mpaka kwenye mlingoti wa goli, akaukumbatia.

"Hamadi," akasema, bado amekumbatia mlingoti, "kwenu kuna barafu?"

"Ipo, Gafa. Ya kuwekea samaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akavua koti, akachukua uma wa bustani, akaanza kuchoma ile ardhi tundu tundu, na mimi nikachukua wa pili. "Moto unaondoka," aliniambia, "maji yanabaki." Tukapasua, tukamwaga mchanga mkavu, tukatandika magunia. Saa tisa mechi ikachezwa. Mzee wa umri ule, mikono imemvimba, na hakumwambia mtu yeyote kwamba ile ilikuwa kazi ya mjinga mmoja kutoka Pemba.

Sasa niwaambie alikuwa nani, kwa kadiri ninavyojua, maana hakuwa mtu wa kujisifu, na mengine niliyasikia kwa watu, na watu huongeza.

Alianza kucheza mara tu baada ya vita vikuu, huko kaskazini kwenye migodi ya makaa. Beki wa kati. Mpira wa wakati huo ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu, na ukinyonya mvua unakuwa mzito kama fenesi. Yeye akiupiga kichwa. Alikuwa na alama hapa juu ya nyusi, mistari midogo kama kushonwa. Ni ile kamba. Aliniambia siku za mechi alipanda basi moja na watazamaji, viatu mkononi, na wakati wa kurudi, wakishindwa, hakuna aliyempisha kiti. Baadaye alichezea klabu kubwa, picha yake nimeiona mimi mwenyewe, watu wamejaa nyuma yake kama mchanga. Goti likavunjika. Siku moja kocha wao anaumwa, wakamweka yeye kwenye benchi, kwa sababu alikuwa pale tu hana la kufanya, na wakashinda. Basi akawa kocha. Alifundisha miji mingi. Alifukuzwa mara tano, na katika hizo tano, alisema, alistahili mara tatu.

Na nisimpambe. Alikuwa mkali. Nilimwona akimliza mtu mzima mwenye watoto kwa sababu ya pasi moja. Hilo pia limo daftarini.

Lakini jambo lililonifanya nimwogope kwa heshima, mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama, ni hili. Kila asubuhi ya mechi alivua viatu na soksi, baridi iwe vipi, akatembea kiwanja chote peku. Taratibu. Mimi nyuma yake nimeshika viatu. Akimaliza ndipo anapanga timu. "Upande wa kushoto utakufa baada ya mapumziko," anasema, "maji yamekaa chini. Mfupi acheze kulia." Na baada ya mapumziko upande wa kushoto unakufa. Mimi mwenye kiwanja, niliyekikata na kukilaza kwa rola, sikujua. Yeye kwa nyayo alijua. Nilipomuuliza, alisema mchezaji anajua miguu yake, kocha lazima ajue miguu ya wenzake, na yote inasimama kwenye ardhi moja.

Na mimi nikisali adhuhuri kwenye banda la mashine, yeye alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, asiingie mtu. Hakuwahi kuniuliza kitu.

Msimu wangu wa saba, au wa nane, nikaanza kuona mambo. Anapeana mkono, mkono wake unakwenda pembeni kidogo ya wa mwenzake. Akitaka chai, anashika kwanza meza, kisha kikombe. Siku moja tunatembea kiwanjani, mbele yetu kuna toroli langu, jekundu, kubwa, akaligonga.

Nikasema, "Gafa, huoni."

Akasimama. "Pembeni naona," akasema. "Katikati pameondoka. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo." Kisha akaniambia, "Wakijua wataniondoa, na watakuwa na haki. Hamadi, nataka kumaliza misimu hii miwili. Nimeingia kwenye mchezo huu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nataka nitoke mwenyewe, nisitolewe."

Ningemkataliaje? Mtu aliyeficha ndoo zangu tisa za maji.

Basi nikawa nasimama naye pembeni ya mstari wakati wa mechi, eti namshikia koti. Mwanzo nilijaribu Kiingereza, lakini Kiingereza changu cha mpira ni cha polepole. Nikimaliza sentensi, goli limeshaingia. Na wachezaji wa akiba wameketi nyuma yetu wanasikia. Ndipo nikamfundisha maneno sita. Kulia. Kushoto. Mbele. Nyuma. Amechoka. Hatari. Aliyashika kwa siku moja. "Kushoto?" ananiuliza kwa mdomo wa pembeni. "Kushoto amechoka," namjibu. Naye anamtoa. Tulishinda mechi nyingi kwa maneno sita. Bi Zuwena, nyanya yenu, alisema nimepata kazi ya kulea majani na sasa nimepandishwa cheo kuwa macho ya mzungu.

Tulijiona werevu sana. Tulisahau golikipa.

Golikipa wetu alikuwa Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, kijana mrefu, nesi wa hospitali, anaishi Kilburn, anakuja kwa treni na basi. Siku moja baada ya mazoezi akanifuata bandani.

"Mzee Hamadi, shikamoo. Mimi nataka kukuuliza. Wewe na huyu Gafa, mnadhani hakuna mtu anasikia?"

"Marahaba. Anasikia nini?"

"Mimi nasimama golini dakika tisini. Kazi hakuna, masikio yako wazi, na wewe ukishtuka unapaza sauti. 'Kushoto amechoka, nyuma hatari.' Msimu mzima!"

"Na umenyamaza msimu mzima?"

"Nusu ya msimu nilikuwa bado natafuta maana. Hicho Kiswahili chenu cha Pemba, mzee, ni kama kimetiwa maji ya chumvi."

"Nyie wa bara ndio mnakikanyaga kwa viatu vya njumu."

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema yeye ni nesi, ugonjwa wa macho ya Gafa ameujua zamani. Kwamba hatasema. "Lakini, mzee, watu wanatolewa uwanjani kwa neno lako. Uwe na uhakika."

Nikamwambia nina hakika. Hilo ndilo neno ninalolijutia.

Tulikuwa na winga wa kushoto, Darren, kijana wa hapa hapa Hayes, miaka ishirini na moja, akipakia mizigo usiku na kucheza mchana. Mbio alizokuwa nazo sikuwahi kuziona. Ilikuwa imebaki mechi mbili msimu uishe, na Gafa atoke mwenyewe kama alivyotaka. Jumamosi ile alikuja mtu wa klabu kubwa, msaka vipaji, kumtazama Darren. Mimi sikujua. Naapa sikujua, ingawa sijui kama kujua kungenibadilisha.

Kipindi cha pili, dakika kumi hivi, Gafa ananiuliza, "Kushoto?" Natazama. Darren ameinama, mikono magotini, anatazama chini. Anaondoka, mguu unamteleza. Anainama tena.

"Kushoto amechoka," nikasema.

Gafa akamtoa. Darren akatoka amekunja uso, akapita mbele yetu kwenye njia ya saruji akaingia ndani. Kanuni za ligi yetu: ukitoka hurudi. Nilimwona Gafa amegeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake. Baada ya dakika tano hivi mtu mmoja mwenye kofia upande wa pili alifunga daftari lake akaondoka. Sikumjua ni nani.

Sasa, vijana, kazi. Mechi ikiisha, mtunza kiwanja haendi nyumbani. Anatembea kila hatua ya uwanja na uma, anarudisha vipande vya majani vilivyong'oka, anavikanyaga kwa kisigino vishike. Ukiacha mpaka kesho vimekufa. Basi niko upande wa kushoto narudisha vipande, nikaona kitu kinang'aa. Njumu. Viatu vya mpira vina njumu sita chini, za kukaza kwa ufunguo, na hii imechomoka yote. Na pembeni yake alama ndefu ya mguu ulioteleza. Pale pale alipoinama.

Hakuwa amechoka. Alikuwa akiitafuta njumu yake.

Odhiambo akaja, bado ana glavu. Nikamwonyesha kiganjani. Hakuhitaji maelezo. Akaniambia yule mwenye kofia alikuwa nani.

"Darren yuko ndani anavunja makabati," akasema. "Anasema, 'Huyu mzee haoni?' Wenzake wanacheka, wanadhani ni utani. Mzee, mimi nakuheshimu kama baba. Lakini usipomwambia Darren wewe, nitamwambia mimi."

Nikaenda kwa Gafa. Alikuwa peke yake kwenye benchi. Nikamwekea njumu mkononi. Aliigeuza kwa kidole mara moja tu.

"Najua," akasema. "Nilisikia alipopita kwenye saruji. Mguu wa kulia una pengo."

"Ulijua? Na ukakaa kimya?"

"Nimekaa kimya," akasema. Kisha akainuka. "Nipeleke ndani."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na kelele. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Maureen, katibu wa klabu, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watoto. Gafa akasimama katikati akasema, bila utangulizi, "Siwaoni. Sijaziona sura zenu tangu msimu uliopita. Macho yangu ni Hamadi."

Mtu mmoja akacheka, akaona wengine hawacheki. Darren akasema, "Hutuoni? Basi umetupangaje? Kwa bahati nasibu?"

"Vaeni viatu," Gafa akasema. "Wote. Mpite mmoja mmoja kwenye korido nyuma yangu. Msiseme kitu."

Akatoka koridoni, akageukia ukutani. Na hapa, vijana, mkono wangu unasita, maana naogopa nitaongeza. Nimelisoma daftari mara mbili. Lilikuwa hivi.

Wa kwanza akapita, ka-ka-ka kwenye saruji. Gafa akasema, "Carl. Unatua kisigino kwanza, ndiyo maana unachelewa kugeuka." Wa pili: "Steve. Goti la kushoto linauma na hujamwambia mtu." Steve akasimama mdomo wazi. Wa tatu, wa nne, wa tano. Jina, na jambo la mguu wake. Hakukosa. Mimi nimesimama na uma wangu mkononi, nimesahau hata kuuweka chini. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayesoma msahafu kwa moyo.

Odhiambo, mtundu, akabadilishana viatu na Carl, akapita kwa kunyata. Gafa akasikiliza.

"Golikipa," akasema. "Na viatu si vyake. Anatembea kama mtu anayekata njia kwenye shamba la jirani."

Wote wakapasuka kwa kicheko. Hata Bi Maureen. Kisha akapita Darren, na kicheko kikaisha.

Hatua sita. Gafa hakugeuka.

"Njumu tano mguu wa kulia," akasema. "Darren. Hukuwa umechoka. Nilijua ulipopita mbele yangu, nimeshakutoa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kumaliza msimu."

Hakutafuta neno zuri zaidi. Mimi nikaona siwezi kusimama pale kama jembe. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia umechoka."

Darren akanitazama kana kwamba ananiona mara ya kwanza. "Wewe? Mkata majani?"

"Mimi, mkata majani."

Gafa akasema, "Neno lilikuwa lake. Kukutoa kulikuwa kwangu." Akamwomba Bi Maureen simu. Akampigia yule msaka vipaji mbele yetu sote. Nakumbuka maneno: "Kosa si la kijana. Ni langu. Sioni. Njoo Jumamosi ijayo umtazame kwa macho yako." Kwa hiyo kufika jioni kila mtu wa mpira magharibi ya London alijua kwamba Wilfred haoni.

Bi Maureen akasema imebaki mechi moja, na Gafa ataisimamia. Asiyetaka abaki nyumbani. Wawili hawakuja. Siwalaumu. Mtu ana haki ya kutaka kuonwa na anayempima.

Jumamosi iliyofuata Gafa alitembea kiwanja peku kama kawaida, mimi nyuma na viatu. Mechi ikaanza. Mwenye kofia yupo upande wa pili na daftari lake. Sasa hatukuwa na siri, lakini bado tulitumia maneno yetu sita; tulishayazoea. Kipindi cha pili kikakolea. Na kama Mungu anataka kunisomesha somo moja mara mbili, Darren akasimama upande ule ule, akainama, mikono magotini.

"Kushoto?" Gafa akauliza.

Nikatazama. Wallahi nilitazama kwa macho yote. Kifua kinakwenda juu chini. Viatu viwili vimejaa matope, siwezi kuhesabu njumu. Ulimi wangu ulikuwa tayari na neno, maana mtu akiulizwa huona haya kukosa jibu, na mtu asiyesoma huona haya zaidi.

"Sijui," nikasema.

Gafa akageuka. "Hilo hukunifundisha. Maana yake nini?"

"Maana yake macho yangu yameishia hapa."

Aliinamisha kichwa upande wa uwanja, akisikiliza. "Basi mwache," akasema.

Darren akainuka, akaondoka na mpira. Alikimbia mpaka filimbi ya mwisho. Hakufunga. Tulitoka sare, bao moja kwa moja, na bao letu lilikuwa la bahati. Ile klabu kubwa ilimchukua kwa majaribio, miezi miwili, kisha wakamrudisha, siku hizi ni dereva wa basi upande wa Hounslow, akiniona kituoni ananipigia honi na kupaza sauti, "Sijui!" Gafa aliaga siku ile ile. Hakutoa hotuba. Alivua viatu tena, akavuka kiwanja peke yake mpaka lango la nje, bila fimbo, akifuata mstari wangu wa chokaa kwa nyayo, nami nikashukuru kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeuchora umenyooka.

Mnaniuliza nilikuwa nikifanya nini pale. Nimelifungua daftari la siku hiyo niwape jibu la kweli. Siku nyingine nimeandika ukurasa mzima, mvua, mbolea, nani kanifokea. Siku hiyo kuna mstari mmoja: *Leo nimesema sijui, na mpira uliendelea.*